Kipya Kinyemi, Lakini Shule Zisitupe Mbachao

Ukishaupita mji wa Matuu katika barabara kuu itokayo Thika kwenda Garissa, utafika Kithyoko, sehemu ya Masinga katika Kaunti ya Machakos. Ni nchi ya jua kali, ndengu na mbuzi, na mzazi wa huko hulipa karo kwa jasho analolijua mwenyewe. Mvua ikikosekana, ndengu hukosekana. Na ndengu zikikosekana, mbuzi ndiye apelekwaye sokoni ili mtoto asirudishwe nyumbani. Nayataja haya mwanzoni kwa sababu jambo ninalotaka kulizungumzia leo, ingawa linahusu tarakilishi, mwishowe linamhusu mbuzi huyo.

Hivi karibuni nilimtembelea mwalimu mmoja, rafiki yangu wa tangu chuoni, ambaye hufundisha Somo la Tarakilishi katika shule ya upili huko. Alinionyesha chumba chenye tarakilishi 20, kila moja imefunikwa kwa kitambaa ili vumbi lisiingie. Nyingi zilikuja kama msaada, zikiwa tayari zimetumika kwingineko. Nilimkuta rafiki yangu ana fadhaa. Muuzaji mmoja alikuwa amepita shuleni akatangaza kwamba tarakilishi zile zote "zimekufa" tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba dawa ni moja tu, nayo ni kununua mpya. Tayari wakuu wa shule walikuwa wameanza kunong'ona juu ya mchango wa wazazi. Mwanafunzi mmoja wa Gredi ya 10, aliyekuwa akisikiliza mazungumzo yetu, akaniuliza, "Mwalimu, kwa hivyo haya tunayojifunza hapa hayana kazi tena?"

Swali hilo linastahili jibu la wazi, kwa kuwa hapana shaka linaulizwa katika shule nyingi zilizo mbali na miji. Jibu langu ni kwamba tarakilishi hizo hazijafa. Hata hivyo, si kweli pia kwamba hakuna lililobadilika. Baina ya kauli hizo mbili ndipo penye busara, na hapo ndipo wakuu wa shule wanapopaswa kusimama kabla ya kumgusa mbuzi wa mtu.

Kwanza tuelewane juu ya kilichotokea. Mfumo endeshi ni ile programu kuu inayoamrisha sehemu zote za tarakilishi na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi. Kampuni ya Microsoft ya Marekani iliutoa mfumo wa Windows 10 mnamo tarehe 29 Julai 2015, na mrithi wake, Windows 11, tarehe 5 Oktoba 2021. Kwa muda wa miaka minne mifumo hiyo miwili ililelewa pamoja. Ndipo tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni hiyo ikakoma kuihudumia Windows 10 kwa njia ya kawaida. Maana yake ni kwamba mfumo huo unaendelea kuwaka na kufanya kazi kama jana, lakini haupokei tena viraka vya bure vya kuziba nyufa za usalama zinazogunduliwa kila mwezi.

Sasa tuulinganishe mfumo mpya na wa zamani kwa haki. Mwanafunzi akiketi mbele ya Windows 11 ataona kwamba kitufe cha kuanzia kimehamishwa kutoka pembe ya kushoto kikawekwa katikati. Ataona madirisha yenye pembe za mviringo, na orodha fupi zaidi anapobofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya. Ataweza kuyapanga madirisha kadhaa kwenye kiwambo kwa urahisi zaidi kuliko awali. Kwa upande mwingine, Windows 11 ilipotoka haikumruhusu kuuhamishia mwambaa wa chini pembeni mwa kiwambo kama alivyozoea. Kwa mwanafunzi anayejifunza kuandika barua, kutunga jedwali la hesabu au kujenga hifadhidata, hayo ni mabadiliko ya siku mbili tatu. Sioni katika orodha hiyo neno lolote la kumfanya mzazi auze mbuzi.

Tofauti kubwa haiko machoni bali mlangoni. Windows 10 iliridhika na kumbukumbu ya gigabaiti 1 au 2 tu. Windows 11 hudai gigabaiti 4, nafasi ya kuhifadhia isiyopungua gigabaiti 64, kichakataji cha biti 64, na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Aidha, haikubali kichakataji chochote tu. Kwa upande wa Intel, vinavyokubaliwa karibu vyote ni vya kizazi cha nane kwenda mbele, nacho kizazi hicho kilianza kuuzwa mwaka 2017. Tarakilishi za msaada, ambazo aghalabu hutufikia baada ya kutumiwa miaka mingi, hufungiwa nje na sharti hilo hata kama zina nguvu za kutosha kwa kazi za darasani. Tena, toleo la Windows 11 la nyumbani hutaka intaneti na akaunti ya Microsoft wakati wa kulisimika. Mahali ambapo intaneti hununuliwa kwa vifurushi vya simu, sharti hilo si dogo.

Lakini tusiwe wepesi wa kulaumu. Chipu hiyo haikuwekwa kwa mapambo. Hutunza funguo za siri zinazolinda yaliyomo ndani ya tarakilishi, ili mwizi akiichukua asiweze kuyasoma. Na habari ya viraka si ya kutishia watoto. Mwezi Mei 2017 programu haramu iliyoitwa WannaCry ilienea katika nchi zaidi ya 150 kwa siku chache, ikiyafunga mafaili ya watu na kudai fidia. Hospitali nyingi nchini Uingereza zilikwama. Kiraka cha kuuziba ufa huo kilikuwa kimetolewa tangu mwezi Machi mwaka huo huo. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka, pamoja na waliokuwa bado wakitumia mifumo iliyokwisha kuachwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika jambo hili hawakukosea.

Wapo watakaosema kwamba tarakilishi za Kithyoko haziko kwenye intaneti, kwa hiyo haziwezi kudhurika. Wanaosema hivyo wamesahau flashi. Mwalimu huchapa mtihani mjini, akaubeba kwa flashi, akaichomeka katika tarakilishi ya ofisini, kisha mwanafunzi akaomba flashi hiyo hiyo ili anakili maswali ya marudio. Njia hiyo imewahi kupitisha virusi vingi kuliko hata intaneti yenyewe katika shule nilizopata kuzifahamu. Mimi binafsi nilipata kupoteza alama za muhula mzima kwa njia hiyo, na nikalazimika kuwasahihishia wanafunzi wangu makaratasi upya usiku kucha.

Basi shule ifanye nini? Yafaa kwanza ihesabu na kuzigawa tarakilishi zake katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la zile zinazotimiza masharti. Hizo na zipandishwe daraja hadi Windows 11, nako kupandisha huko hakuna malipo kwa mwenye Windows 10 ya halali. Microsoft hutoa programu ndogo ya bure ya kuikagua tarakilishi na kusema kama inafaa au haifai. Mwalimu aitumie mwenyewe, asingojee muuzaji amwambie. Ajihadhari pia na fundi anayeahidi kuipenyeza Windows 11 katika tarakilishi isiyofaa. Jambo hilo linawezekana, lakini Microsoft imeonya kwamba tarakilishi ya namna hiyo haina haki ya kudai viraka. Utakuwa umebadilisha rangi ya mlango bila ya kuweka kufuli.

Fungu la pili ni la zile zisizotimiza masharti lakini zinabeba mambo ya siri: alama za mitihani, majina na nambari za wanafunzi, hesabu za karo. Hizi zisiachwe hata siku moja bila ulinzi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 huitaka shule izitunze habari za watoto wa watu. Iko huduma ya viraka vya ziada ambayo Microsoft iliwatangazia wenye leseni za elimu kwa bei nafuu: dola 1 kwa kila tarakilishi katika mwaka wa kwanza, dola 2 mwaka wa pili na dola 4 mwaka wa tatu, hadi Oktoba 2028. Hebu tupige hesabu. Hata kama shule ya rafiki yangu ingezilipia tarakilishi zake zote 20 kwa miaka yote mitatu, jumla ingekuwa dola 140, yaani kama shilingi 18,000. Fedha hizo hazitoshi kununua hata tarakilishi moja mpya ya maana. Iko kasoro moja hata hivyo: huduma hiyo huhitaji leseni halali pamoja na toleo la mwisho la Windows 10, liitwalo 22H2. Shule zilizowekewa nakala za wizi zitalia, na hapo ndipo zitakapojua kwamba rahisi kweli ni ghali.

Fungu la tatu ni la zile zilizobaki, za mazoezi tu. Hizi zinaweza kutolewa kwenye intaneti, flashi za nje zikapigwa marufuku, na wanafunzi wakaendelea kujifunza. Au zinaweza kuwekewa mfumo mwingine kabisa wa jamii ya Linux, kama vile Ubuntu au Linux Mint, ambao ni wa bure na hupokea viraka. Programu za LibreOffice huandika barua na kupiga hesabu bila ya malipo. Wazo hili si geni kwetu. Mnamo mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wenzao wa Uswidi, waliitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Hata hivyo mwalimu apime vyema. Watahiniwa wa mwisho wa KCSE katika mfumo wa 8-4-4 wataketi mwaka 2027, na si haki kumbadilishia mtahiniwa zana alizozizoea miezi michache kabla ya karatasi ya vitendo. Aanze na wale wa Gredi ya 10, ambao kundi lao la kwanza liliingia shule ya upili ya juu Januari 2026 na wana muda wa kuzoea.

Wizara ya Elimu nayo haiwezi kukaa kimya kana kwamba jambo hili ni la mafundi. Si busara kila mwalimu mkuu aachwe peke yake mbele ya muuzaji mwenye maneno matamu. Wizara itoe mwongozo mmoja, kwa lugha nyepesi, na ijadiliane na kampuni kwa niaba ya shule zote za umma ili leseni na viraka vipatikane kwa pamoja. Wafadhili nao waulizwe swali moja kabla hatujapiga makofi: kichakataji cha tarakilishi hizi ni cha kizazi gani? Msaada wa mabati yaliyotoboka haumkingi mtu mvua. Huishia kuwa taka zenye risasi na sumu nyingine katika ua wa shule.

Wala wauzaji si maadui. Iko siku tarakilishi za Kithyoko zitachoka kweli, na siku hiyo itabidi zinunuliwe nyingine. Jambo la kufanya ni kuiandalia siku hiyo polepole, tarakilishi mbili tatu kila mwaka kutoka katika bajeti ya shule, badala ya kumshtua mzazi kwa mchango wa ghafla katikati ya kiangazi.

Namrudia sasa yule mwanafunzi aliyeniuliza swali. Nilimjibu kwamba waliojifunza kwa Windows XP, iliyoachwa tarehe 8 Aprili 2014, na kwa Windows 7, iliyoachwa tarehe 14 Januari 2020, ndio leo wanaoendesha ofisi zenye Windows 11. Hawakujifunza mahali pa kitufe. Walijifunza faili ni nini na huhifadhiwa vipi, fomula hujengwaje, na kwa nini jedwali moja hufungamanishwa na jingine. Hayo hayana tarehe ya kuisha. Nilimwambia pia ajifunze jambo jipya ambalo wazee wake hawakufundishwa: kwamba kila mfumo una umri wake, na mtumiaji mwerevu huijua tarehe ya mwisho kabla haijamfikia.

Kiswahili kina methali mbili zinazogombana juu ya jambo hili. Moja husema kipya kinyemi ingawa kidonda. Nyingine huonya, usiache mbachao kwa msala upitao. Rafiki yangu ameamua kuzifuata zote mbili kwa kiasi. Ameanza kuzikagua tarakilishi zake moja moja, daftari mkononi, na amewaomba wakuu wa shule wangoje orodha yake kabla ya kuwaandikia wazazi barua yoyote. Walimu wenzangu, chukueni daftari nanyi. Hesabu hiyo ni kazi ya alasiri moja tu.