Samani za Arusha: Ushuru Umelinda Soko, Mbao Kavu na Mkataba Vimlinde Mnunuzi

MEI 2022, mawaziri wa nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliafiki kuwa samani zinazoingizwa kutoka nje ya Jumuiya zitozwe ushuru wa forodha wa asilimia 35. Utekelezaji ulianza Julai 1 mwaka huo. Kabla ya hapo kiwango cha juu katika Ushuru wa Pamoja wa Forodha kilikuwa asilimia 25. Samani ziliwekwa katika kundi jipya pamoja na nguo, bidhaa za ngozi na bidhaa nyingine ambazo nchi wanachama zilijiridhisha kuwa zinaweza kuzalishwa ndani ya ukanda huu.

Uamuzi huo una uzito wa pekee kwa Jiji la Arusha. Mbali ya kuwa makao makuu ya Jumuiya, Arusha ni mji wa mafundi seremala. Karakana zipo Unga Limited, Sakina na Kijenge, na nyingine zimepangana kando ya barabara ya Moshi kupitia Tengeru hadi Usa River. Wateja wake ni hoteli na kambi za watalii, taasisi za kimataifa, watumishi wa umma na wananchi wanaokamilisha ujenzi wa nyumba zao. Wapo pia wanaosafiri kutoka Dodoma, Tanga na Dar es Salaam ili kuagiza kitanda, kabati au meza kwa vipimo vya chumba husika.

Ushuru humpunguzia fundi ushindani wa samani za nje, lakini haumhakikishii mnunuzi kwamba meza aliyoilipia itabaki imenyooka baada ya mwaka mmoja. Hilo hutegemea mambo mawili yaliyo mikononi mwa fundi na mteja wake, yaani ukavu wa mbao na makubaliano ya maandishi.

Mbao za Meru na asili yake

Miteremko ya Mlima Meru ina historia ndefu ya misitu ya kupandwa. Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) unasimamia Shamba la Miti Meru/Usa. Katika eneo la Olmotonyi kipo Chuo cha Misitu, pamoja na msitu wa mafunzo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Miti inayopatikana kwa wingi katika mashamba hayo ni msaiprasi na msindano, ambao wengi huuita paina. Mgrivea nao umeenea katika mashamba ya kahawa na migomba ya Wameru na Waarusha, ambako hutoa kivuli, kuni na mbao.

Miti hiyo ni migeni. Msaiprasi na aina ya msindano inayopandwa zaidi nyanda za juu, Pinus patula, asili yake ni Meksiko, nchi ambayo nayo inajulikana kwa ufundi wa samani za mikono. Mgrivea asili yake ni mashariki mwa Australia. Mti uliohamishwa kutoka milima ya Meksiko ulistawi katika miinuko ya Afrika Mashariki kwa sababu hali ya hewa inakaribiana, na sasa ndio unaobeba sehemu kubwa ya kazi za useremala mkoani Arusha.

Mbao za msaiprasi ni nyepesi, hurandwa kwa urahisi na hukauka bila matatizo makubwa, ingawa huwa na mafundo mengi. Za msindano hushambuliwa kwa urahisi na wadudu na ukungu, hivyo huhitaji kutiwa dawa. Mnunuzi anayetaka mbao ngumu zaidi huomba mninga au mkongo, miti ya asili inayotoka mikoa ya mbali yenye misitu ya miombo. Mninga hupendwa na mafundi kwa sababu husinyaa kidogo sana unapokauka, na hiyo ni miongoni mwa sababu za bei yake kuwa kubwa.

Kwa nini meza hupinda

Mbao iliyopasuliwa karibuni ina maji mengi ndani yake. Unyevu unaposhuka chini ya takribani asilimia 30, mbao huanza kusinyaa. Husinyaa zaidi kwa upana na kidogo sana kwa urefu. Ikiwa tayari imegundishwa na kupigiliwa misumari, haina nafasi ya kujongea, hivyo hupinda, hupasuka au huachia viungo. Kwa samani za ndani, unyevu unaofaa ni wa karibu asilimia 12, na katika maeneo makavu ni chini zaidi ya hapo.

Hapa ndipo safari ya samani inapokuwa na maana. Arusha ipo kwenye mwinuko wa takribani mita 1,400, chini ya mlima unaopata mvua nyingi upande wa kusini. Dodoma ni nyanda kame. Tangu Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016, watumishi wengi wamejenga huko. Kabati lililotengenezwa Arusha kwa mbao zisizokauka vizuri, likisafirishwa kupitia Babati na Kondoa hadi Dodoma, litaendelea kupoteza maji likiwa sebuleni. Kwa mteja wa Tanga au Dar es Salaam hali ni kinyume: hewa ya pwani huongeza unyevu, mbao huvimba, na droo iliyokuwa ikifunguka vizuri karakanani hugoma.

Lawama kwa kawaida humwangukia fundi, na mara nyingine ni haki yake kulaumiwa. Hata hivyo, chanzo cha tatizo mara nyingi ni mtaji. Kukausha mbao kwa hewa, zikiwa zimepangwa chini ya paa na kutenganishwa kwa vijiti, huchukua wiki kadhaa hadi miezi kutegemea aina na unene. Muda wote huo fedha ya fundi imelala. Fundi mdogo asiye na akiba husubiri malipo ya awali ya mteja ndipo anunue mbao, na kwa kuwa mteja anataka kazi ndani ya wiki mbili, mbao hizo huingia kwenye randa zikiwa bado mbichi. Mteja anayeharakisha kazi naye amechangia kasoro atakayoilalamikia baadaye.

Makubaliano ya maandishi

Sheria inamlinda mnunuzi kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Aidha, mnunuzi anapomweleza muuzaji matumizi anayokusudia na kuutegemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kufaa kwa matumizi hayo. Kwa hiyo, fundi aliyeambiwa kwamba kabati ni la mninga na litatumika Dodoma ana wajibu unaotokana na maelezo hayo.

Tatizo ni ushahidi. Makubaliano mengi hufanyika kwa mdomo, kwa picha iliyotumwa kwenye simu na malipo ya awali yasiyo na risiti. Mgogoro unapotokea, kila upande hukumbuka lake. Karatasi moja iliyosainiwa na pande zote mbili ingetosha kueleza aina ya mbao, vipimo na unene, aina ya viungo, tarehe ya kukamilisha, awamu za malipo, nani atagharimia usafiri, na nini kitafanyika iwapo mbao itapasuka ndani ya muda uliokubaliwa. Karatasi hiyo humlinda pia fundi dhidi ya mteja anayebadili vipimo kazi ikiwa imefika nusu, au anayeacha samani karakanani kwa miezi bila kumalizia malipo. Risiti halali nayo, pamoja na kuwa takwa la kodi, ni kielelezo cha kwanza mbele ya Mahakama ya Mwanzo.

Mnunuzi anayesafiri hana budi kupanga ziara zake vizuri. Ziara ya kwanza iwe ya kuziona mbao zenyewe na kuuliza zimekaushwa kwa muda gani. Kipimo cha unyevu ni kifaa kidogo cha mkononi, na karakana inayokitumia mbele ya mteja inajenga imani. Ziara ya pili ifanyike kabla ya kupaka vanishi, kwa kuwa nyufa na mafundo yaliyozibwa kwa gundi na unga wa mbao huonekana wakati huo tu. Asiyeweza kufika anaweza kumtuma ndugu au kuomba picha za hatua hiyo. Malipo ya mwisho yafuate baada ya ukaguzi.

Mbao halali na mnunuzi wa nje

Kwa mujibu wa Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002, uvunaji wa mazao ya misitu unahitaji leseni, na usafirishaji wake unahitaji hati maalumu. Mnunuzi ana haki ya kumuuliza fundi mbao zake zimetoka wapi. Mbao zisizo na nyaraka huwa rahisi kwa bei, lakini humnyima mapato yake anayefuata sheria na kumaliza misitu inayolinda vyanzo vya maji.

Arusha ina wageni wengi na Watanzania waishio ughaibuni wanaopenda kusafirisha samani kwenda nje ya nchi. Mpingo umo katika Kiambatisho II cha Mkataba wa Kimataifa wa Biashara ya Viumbe Vilivyo Hatarini Kutoweka (CITES) tangu Januari 2017. Mkutano wa Panama wa Novemba 2022 uliongeza humo aina za Afrika za jamii ya mninga na mkongo. Kuorodheshwa huko si katazo la biashara, ila baadhi ya bidhaa za miti hiyo huhitaji kibali zinapovuka mpaka. Anayekusudia kusafirisha anashauriwa kupata maelekezo ya TFS, na ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yenye makao makuu mkoani Arusha, kabla ya kulipa malipo ya awali.

Fursa iliyopo mbele

Septemba 2023, Shirikisho la Soka Afrika (CAF) lilizipa Tanzania, Kenya na Uganda uenyeji wa pamoja wa Fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027. Arusha inajengewa uwanja wa watazamaji 30,000. Maandalizi ya mashindano makubwa huambatana na mahitaji ya vitanda, meza na viti katika hoteli na nyumba za wageni. Iwapo oda hizo zitabaki mikononi mwa mafundi wa ndani itategemea uwezo wao wa kutoa idadi kubwa, kwa wakati, na kwa ubora usiotofautiana.

Njia za kuongeza uwezo huo zipo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 nayo imeweka upendeleo kwa makundi maalumu katika zabuni, zinazotangazwa kupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), vyuo vya VETA na Chuo cha Viwanda vya Misitu kilichopo Moshi vinatoa mafunzo na ushauri wa kitaalamu.

Kikundi cha mafundi kinachochukua mkopo kinaweza kununua mashine ya kuranda kila mmoja akawa na yake, au kikajenga banda la kukaushia na tanuri moja la pamoja. Kwa hali ilivyo Arusha, chaguo la pili lina manufaa makubwa zaidi. Mashine huongeza kasi ya kutengeneza samani, ilhali tanuri hupunguza idadi ya zile zinazorudishwa na wateja.

Ushuru wa asilimia 35 umewapa mafundi wa Afrika Mashariki muda wa kujijenga. Familia iliyojinyima miaka mingi ili kununua kitanda na meza ya kulia chakula haitauliza kiwango cha ushuru pindi ubao utakapopasuka. Itawaeleza majirani ilikonunua, na oda inayofuata itakwenda huko au kwingine kutokana na maelezo hayo.