Kabla Utoe Ngiri Zako Luthuli: Hedseti ya Gemu Hupimwa kwa Sikio, Si kwa Boksi

Ukiingia Luthuli Avenue kutafuta hedseti ya gemu, kitu ya kwanza utauziwa ni maneno. "Hiyo ni 7.1, buda. Besi noma. Cheki vile inawaka." Unatoa doh, unafika kejani ukijua leo mbogi itakukoma. Saa moja baadaye masikio yanachoma, kichwa kimebanwa kama kiko kwa jeki, na adui amekutoa kutoka nyuma bila wewe kusikia hata hatua moja.

Shida ni kwamba yale yameandikwa kwa boksi kubwa kubwa ndiyo yanakusaidia kidogo zaidi. Wacha tuyapitie.

Hiyo namba 7.1 ilitoka kwa spika za sinema na sebuleni: saba zinakuzunguka, moja ni ya besi. Hedseti nyingi zenye lebo hiyo ziko na spika mbili tu, moja kila sikio. Kilichobaki ni programu inayodanganya masikio kwamba sauti imetoka nyuma ama kando. Mara nyingi programu hiyo huhitaji kompyuta na waya wa USB. Ukichomeka ule waya wa kawaida kwa simu ama pedi, unapata sauti ya kushoto na kulia basi. Na kama uko na PS5, yenyewe tayari inatengeneza sauti ya 3D kwa hedseti yoyote ya kawaida. Kwa hivyo usiongeze doh juu ya lebo pekee.

"Spika ya 50mm" nayo ni ukubwa, si ubora. "20Hz hadi 20,000Hz" ni kipimo cha kile sikio la binadamu husikia, na karibu kila boksi limeandikwa hivyo. Hakikuambii kama sauti imesawazishwa.

Besi ndiyo mtego mkubwa. Dukani inakupiga kifuani, unasmile. Lakini kwa Call of Duty Mobile ama PUBG Mobile, besi ikizidi, bomu linameza sauti ya viatu vya adui.

Sasa utapimaje? Beba simu yako, omba kuijaribu. Cheza wimbo wa Sauti Sol unaoujua vizuri. Ukishindwa kutenganisha sauti za waimbaji, hata hatua za adui zitakuchanganya. Kisha fungua gemu unayocheza kila siku, ufunge macho, usikie kama unaweza kuonyesha kwa kidole mahali risasi imetoka. Maiki usiiamini kwa mdomo wa muuzaji. Jirekodi voice note ya WhatsApp hapo hapo kwa kelele za Luthuli, halafu uisikize.

Halafu usiivue haraka. Ivae dakika 15 ukiendelea kupiga story. Sikio lote liingie ndani ya sponji bila kukunjwa. Uzito nao ni kitu: Razer BlackShark V2 X iko kama gramu 240, HyperX Cloud II iko kama 320. Tofauti ni ndogo mkononi, lakini baada ya masaa matatu shingo itakuambia. Ukivaa miwani, ijaribu ukiwa nayo, kwa sababu mikono ya miwani hubanwa kwa kichwa na pia huacha mwanya ambao besi hutorokea. Ngozi feki huzuia kelele za nje vizuri, lakini kwa keja ya mabati saa nane mchana utatoa jasho, na baada ya muda huanza kubanduka. Kitambaa hupumua, ila kelele huingia.

Bluetooth ni poa kwa muziki, lakini kwa gemu sauti huchelewa: unaona risasi kabla uisikie. Zaidi ya hayo, PS5 na Xbox hazikubali hedseti ya kawaida ya Bluetooth. Kama hutaki waya, tafuta ile inakuja na kidude chake cha USB, na uulize kama kinashika mashine yako.

Kwa nini haya yote ni zaidi ya starehe? Machi 2025, Shirika la Afya Duniani, WHO, na lile la mawasiliano la ITU yalitoa kiwango cha kimataifa cha usikilizaji salama kwa wachezaji wa gemu. Hesabu ya WHO ni hivi: sauti ya desibeli 80 inavumilika masaa 40 kwa wiki. Ikifika 90, ni masaa manne pekee. Ikifika 100, ni dakika 20. Kwa wiki nzima, si kwa match!

Sasa unganisha. Hedseti isiyokaa vizuri kwa sikio huingiza kelele za jirani na za base, nawe unapandisha volume. Yenye besi imezidi hufunika hatua, unapandisha tena. Kwa hivyo swali la kumuuliza muuzaji si "inalia aje?" Jiulize mwenyewe: naweza kuteremsha sauti hadi wapi na bado nimsikie adui? Ile utaweza kuteremsha zaidi ndiyo yako, hata kama haiwaki mataa.

Na ukiivua usiku usikie mlio kama wa mbu ilhali keja imenyamaza, hiyo ni rada. Pumzisha masikio, na ukiendelea kuusikia, ona daktari. Chembe za kusikia zikikufa hazimei tena, na hata Kirinyaga Road hawauzi spea za masikio.