Mashauri ya Nyumbani: Kigari cha Mtoto katika Chumba Kimoja



Mwezi huu twajibu barua ya mwalimu mmoja wa Bariadi. Tangu mji huo ufanywe makao makuu ya Mkoa wa Simiyu mwaka 2012, watumishi wengi wamehamia huko, na wengi wao hukaa katika vyumba vya kupanga. Ndugu yetu huyu naye amepanga chumba kimoja, yeye na mkewe na mtoto wao wa kwanza, mwenye umri wa majuma mawili. Mkewe alijifungua kwa kupasuliwa. Chumbani mna kitanda, meza ya kusahihishia madaftari, sanduku la nguo na ndoo tatu za maji. Sokoni ameona kigari cha mtoto, cha mitumba, kikubwa na cha kupendeza; bei yake ni sawa na kodi ya miezi miwili. Atuuliza: “Je, nikinunue ili mke wangu asibebe? Mama yangu anicheka, asema mtoto hasukumwi kama gunia la pamba.”

Mwalimu, nia yako ni njema, nasi twakusifu. Lakini fikiri nasi kwanza kabla hujatoa fedha.

Mama aliyepasuliwa kwa kawaida huambiwa asiinue kitu kilicho kizito kuliko mtoto wake, mpaka yapite majuma sita hivi. Na neno la mwisho ni la mwuguzi wake. Basi, kigari kikubwa chaweza kuwa na uzito wa kilo 10 na zaidi. Mlangoni pana kizingiti, na pengine ngazi mbili tatu. Nani atakiinua wakati wewe uko shuleni? Utakuwa umemwondolea mkeo mzigo wa kilo 3 au 4, ukampa mwingine wa kilo 10. Na usiku kitalala wapi? Kikilala nje kitanyeshewa; kikilala ndani, ninyi mtakosa pa kupita.

Viko pia vigari vyepesi, vikunjwavyo kama mwavuli. Aliyevibuni ni Owen Maclaren, mhandisi wa ndege wa Uingereza, mwaka 1965. Alitumia mabomba ya alumini, na kigari chake kilikuwa na uzito wa kilo 3 hivi. Kigari kama hicho hukaa nyuma ya mlango, tena huingia katika bajaji. Walakini vingi vya namna hiyo humkalisha mtoto wima, navyo havimfai mtoto mchanga. Ambaye shingo yake haijapata nguvu hana budi kulala chali. Vigari hivyo huwafaa watoto wa miezi sita hivi na kuendelea.

Kwa hiyo shauri letu ni hili: usinunue sasa. Kwa majuma haya kigari cha mtoto wako ni wewe mwenyewe. Siku ya kliniki omba ruhusa, umbebe mwanao kifuani, mkeo atembee mikono mitupu. Angalia tu uso wake uonekane, pua isizibwe na nguo, na kidevu kisilale kifuani pake. Na maji, uyachote wewe kabla ya kwenda shuleni. Wako watakaokucheka njiani. Waache wacheke, kidonda cha mkeo kikifumuka, hao hawatakuja kukuuguzia.

Wala mbeleko si jambo la kuonea haya. Ann Moore, mwuguzi wa Marekani, aliwaona akina mama wa Togo wakibeba watoto migongoni katika miaka ya 1960. Aliporudi kwao alitengeneza mbeleko ya kushona, akapewa hati ya uvumbuzi mwaka 1969. Basi mama yako anajua jambo ambalo wageni walikuja kujifunza. Mwombe kwa heshima, naye atambeba mjukuu wake kwa furaha.

Mtoto akitimiza miezi sita, ukiona bado mnahitaji kigari, chukua kamba upime upana wa mlango na nafasi iliyo nyuma yake, uende na kamba hiyo sokoni. Kikunje kigari kwa mikono yako mwenyewe, ukiinue. Kanyaga breki, kisha ukisukume uone kama inashika. Tazama mkanda upite pia katikati ya miguu ya mtoto. Na usiyasahau magurudumu: juu ya lami yote hukimbia, lakini ukiacha lami, madogo na magumu hukwama katika tope la wakati wa mvua. Tena jua likiwa kali, usikifunike kigari kwa kanga. Joto hujikusanya ndani, na mtoto hawezi kusema kwamba anaungua.

Twamsalimu mama mzazi. Kodi ya miezi miwili na ikae kwanza. Chakula chake na dawa zake vitangulie.

Wasalaam.