Usikubali Vifaranga Maji Yakiwa Bado Mabichi

Leo sifundishi kuchimba bwawa. Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na hii biashara ya "chimba leo, pandikiza kesho".

Unaijua. Fundi anakuja na bei moja ya kila kitu: kuchimba, kutandika turubai, kujaza maji, na vifaranga vya sato juu yake. Siku tatu kazi imekwisha. Picha zinapigwa, pesa inahesabiwa, pikipiki inaondoka. Siku ya sita unaamka asubuhi unakuta samaki wanahema juu ya maji. Siku ya kumi wanaelea tumbo juu. Unampigia fundi, anakwambia umewalisha vibaya. Jirani anasema huna mkono wa kufuga. Wengine wanakwenda mbali zaidi, wanaanza kumtafuta aliyeroga.

Hakuna aliyeroga. Maji yalikuwa mabichi.

Nieleze kinachotokea, kwa sababu ukikielewa hutadanganywa tena. Samaki hutoa amonia mwilini, sehemu kubwa kupitia matamvua yake. Mavi yake na chakula kilichobaki vikioza huongeza amonia nyingine. Amonia ni sumu. Huunguza yale matamvua anayopumulia. Katika bwawa lililokaa, wapo bakteria wanaoila amonia hiyo na kuigeuza nitriti. Nitriti nayo ni sumu, huharibu damu ya samaki isiweze kubeba hewa, hata damu yenyewe hugeuka rangi ya kahawia. Kisha kundi la pili la bakteria huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa na ni mbolea kwa mimea ya majini.

Sasa jiulize: hao bakteria wanatoka wapi kwenye turubai lililotolewa dukani juzi na maji yaliyovutwa kisimani jana? Hawapo wa kutosha. Wanaota polepole, wanajishika kwenye kuta, mawe na tope. Katika tangi au bwawa la turubai huchukua wiki nne hadi sita kufikia idadi ya kutosha, na kundi la pili huchelewa kuliko la kwanza. Ndiyo maana samaki anaweza kuvuka wiki ya amonia akafa wiki ya nitriti.

Na hapo ndipo mtego ulipo. Maji mabichi hayaui siku ya kwanza. Muuzaji anamwaga vifaranga mbele yako, wanaogelea vizuri, unaridhika, unalipa. Sumu inakusanyika akiwa ameshafika Tabora mjini au Kahama kwa mteja mwingine. Biashara nzima imesimama juu ya hizo siku chache za kuchelewa kwa kifo.

Wenzetu wanaofuga samaki wa baharini kwa urembo, kwenye matangi ya kioo, huwasha pampu na kuacha maji ya chumvi yakizunguka wiki nne au sita bila samaki hata mmoja. Wanatia amonia kidogo ili bakteria wapate chakula, wanapima, wanasubiri hadi amonia na nitriti zisome sifuri. Wanafanya hivyo kwa ajili ya samaki wawili wa kutazama sebuleni. Wewe unaweka 600 wa kulipia ada ya shule, halafu unaambiwa kusubiri ni kupoteza muda!

Bwawa la udongo lina unafuu. Tope lina bakteria wake tangu mwanzo, na ule ukijani wa majini hunyonya amonia, huku ukiwa chakula cha sato. Lakini nalo linatayarishwa. Udongo wetu mwingi ni wa kichanga na una uchachu. Kwa bwawa la mita 200 za mraba nyunyiza kilo 20 hadi 40 za chokaa ya kilimo, si ile ya kupaka nyumba, sakafuni na kwenye kingo, kabla ya maji. Acha wiki moja au mbili. Usichanganye chokaa na samadi siku moja, maana chokaa huifukuza amonia kutoka kwenye samadi. Kisha jaza maji kidogo, weka samadi kavu, kilo 40 hivi ya ng'ombe au nusu yake ya kuku, ongeza maji, subiri. Ng'ombe waliotoka kuogeshwa josho karibuni, samadi yao iache. Bomba la dawa ya tumbaku lisioshewe karibu na bwawa kabisa.

Baada ya siku saba hadi kumi na nne maji yatakuwa ya kijani. Zamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Kiganja kikianza kupotea machoni maji yakiwa yamefika kiwikoni, bwawa liko tayari. Ukikiona waziwazi, bado. Kikipotea mapema, angalia rangi: kama ni kahawia hilo ni tope la mvua, na tope halilishi samaki.

Na wewe mwenye haraka unayetaka kumwaga mikokoteni mitatu ya samadi ili maji yaive kesho, usifanye hivyo. Samadi nyingi ikioza hula hewa yote ya majini. Utawakuta samaki wanahema alfajiri, nawe utasema ni maji mabichi kumbe umeyavundisha.

Kwa turubai au tangi, jaza maji, ukiweza zungusha kwa pampu, tia konzi ya chakula cha samaki kila baada ya siku chache kioze na kulisha bakteria. Ndoo ya tope kutoka bwawa la jirani lenye samaki wazima husaidia sana, ila hakikisha kweli hana ugonjwa bwawani. Anza na samaki wachache, ongeza wengine baada ya wiki mbili au tatu. Bwawa la saruji ni balaa zaidi: saruji mpya huachia ukali wa chokaa majini, na katika maji ya namna hiyo amonia huzidi kuwa sumu. Jaza, acha siku kadhaa, mwaga, rudia mara tatu au nne ndipo uanze kuivisha.

Haraka si mgeni Urambo. Mwaka 1947 Waingereza walileta hapa mradi wao wa karanga, sambamba na Kongwa na baadaye Nachingwea. Walishusha matrekta kabla hawajaujua vizuri udongo wala mvua. Mwaka 1951 walikuwa wameutelekeza mpango ule mkubwa, na mamilioni ya pauni yamezama. Serikali yao iliweza kubeba hasara hiyo. Wewe uliyekopa kwenye chama kwa dhamana ya tumbaku utaibeba vipi?

Tufanye hesabu ndogo. Vifaranga 600, tuseme kila kimoja shilingi 300, ni shilingi 180,000. Sato atahitaji miezi sita hadi minane kufika uzito wa kuuza, uwe umesubiri au hukusubiri. Mwezi mmoja wa kuivisha maji unakugharimu chokaa na samadi. Kuruka mwezi huo kunaweza kukugharimu hizo 180,000, pamoja na chakula ulichokwisha kununua, na bado utarudi kuusubiri mwezi uleule.

Wewe unayeuza vifaranga kwa haki, nakuomba usipakie mfuko mmoja kabla mteja hajakutumia picha ya mkono wake majini. Utapoteza wateja wawili wenye pupa, utapata kumi wanaorudi msimu ujao.

Na wewe mnunuzi, tenganisha malipo. Mlipe fundi wa bwawa kazi ya bwawa, basi. Vifaranga agiza mwenyewe, kwa muuzaji mwingine ukiweza, maji yakishakuwa kijani. Akisema bei ni ya pamoja na vifaranga lazima vishuke wiki hii kwa sababu gari liko njiani, mwambie liendelee na safari.