Rika lako ni lipi, kijana?

Jumapili iliyopita tulitembelewa nyumbani, hapa Kaptembwo, na mzee mmoja Mnandi, rafiki wa marehemu babangu. Alipomaliza chai alimgeukia mwanangu aliye chuo kikuu.

"Rika lako ni lipi, kijana?"

"Mimi ni Gen Z, babu."

"Hiyo ni herufi. Nimekuuliza rika."

Kijana akanitazama, nami nikainamisha macho. Miaka yote hiyo sikuwa nimemwambia.

Msomaji mpendwa, Wanandi wana marika saba: Maina, Chumo, Sawe, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyige na Nyongi. Kijana huingia rikani kwa tohara. Kila rika huchukua miaka 15 hivi, kwa hivyo baada ya karne moja na ushei jina hurudi na kuwapata vitukuu wa waliolibeba kwanza. Jina la rika, basi, ni amana ya waliotangulia.

Jirani yetu Mkikuyu, aliyekuwa naye mezani, alisema kwao rika la tohara lilipewa jina la tukio la wakati huo. Ndui ilipoingia mwishoni mwa karne ya 19, vijana wa wakati huo waliitwa Mutung'u, yaani ndui. Waliotahiriwa mwaka 1940 wakawa rika la Forty, na miongoni mwao wakatoka Anake a Forty, vijana waliomnyima mkoloni usingizi.

Na Z je? Herufi hizo zilitoka ng'ambo. X ilivuma kwa riwaya ya Douglas Coupland ya mwaka 1991, ikafuatwa na Y, kisha Z. Ni majina ya foleni tu.

Lakini mwanangu hakukubali kushindwa. "Babu, hata Forty ilikuwa nambari tu, mpaka wenyewe walipoipa maana."

Sote tukanyamaza. Tulikumbuka Juni 2024, vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha, wengine wakauawa, na tarehe 26 Rais Ruto akatangaza kwamba hatautia saini.

Mzee akatikisa kichwa taratibu. "Basi beba yote mawili," akasema, kisha akamtajia rika lake, na langu, na la babu yake.

Mzazi mwenzangu, mwanao anajua lake? Usingoje mgeni amuulize.

Hadi Jumapili ijayo.