"Barabara Imekatika!" Barabara Gani, na Saa Ngapi?

Mvua ikinyesha usiku kucha siku hizi hakuna anayengoja taarifa ya habari ya saa moja. Mzee kwa kijana hushika simu. Huyu yuko Facebook, yule yuko X (ile tuliyozoea kuiita Twitter), na mama anauliza kundi la WhatsApp la mtaani: "Jamani, daraja linapitika?" Kabla chai haijachemka, majibu kumi yameshaingia.

Wapo wasemao kwamba huu ni umbea tu. Mimi nakataa. Tarehe 29 Aprili 2024 ndiyo iliyokuwa siku ya kufungua muhula wa pili. Tangazo la Wizara ya Elimu la kuahirisha ufunguzi kwa sababu ya mafuriko lilitoka siku hiyo hiyo, masanduku yameshafungwa na nauli imeshatafutwa. Gazeti la asubuhi lingemsaidiaje mtu aliye stejini? (Shule zilikuja kufunguliwa tarehe 13 Mei.)

Malalamiko yangu ni mengine. Tumezoea kumlaani mwongo, yule anayetoa picha ya mafuriko ya mwaka juzi na kuapa kwamba ni ya leo. Huyo alaaniwe, sawa. Lakini kwa maoni yangu wanaotupoteza zaidi ni watu wakweli, wenye nia njema kabisa, wasiotaja saa wala mahali. Mtu anaandika, "Barabara imekatika, msipite!" Barabara gani, bwana? Ujumbe unarushwa kundi hadi kundi, na kila anayeupokea anaona saa aliyoletewa yeye, si saa ya tukio. Maji huenda yalipungua zamani, na mgonjwa bado amelala nyumbani akiogopa njia iliyo wazi. Kinyume chake kinatisha zaidi: "Njia ni safi" ya asubuhi inasomwa jioni, mto umeshafurika, na dereva ana haraka.

Tena habari ya kwanza haifutiki upesi. Alfajiri ya siku ile ile ya 29 Aprili, maji yalivamia Mai Mahiu na kuua watu zaidi ya 40. Nchi nzima ikaambiwa kwamba bwawa la Old Kijabe limepasuka. Baadaye wakuu wakaeleza kwamba halikuwa bwawa: maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, mahali pa kupitia palipoziba, hata tuta likashindwa kuyazuia. Anayetafuta leo atazikuta habari zote mbili, na ile ya kwanza haina alama yoyote ya kumwonya.

Wakenya si wageni katika kazi hii. Mapema 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipopamba moto, ilianzishwa Ushahidi. Wananchi walituma habari kwa simu na intaneti, nazo zikawekwa kwenye ramani, kila moja mahali pake. Mwaka 2012 ikaja Ma3Route, wasafiri wakawa wanaambiana jamu iko wapi. Hapo ukisema "kuna jamu" bila kutaja barabara, umeongea na upepo. Nani Nairobi hajui kuna jamu?

Na saa zenyewe, wanachama wenzangu, zina vurugu zake. Mtu akiandika "saa mbili", ni ya asubuhi, ya usiku, au ni ile 2:00 ya simu, ambayo kwetu ni saa nane? Chama cha Kiswahili kisipolisemea hili, nani atalisema?

Tukifunga shule tutarudi kwenye simu za nyumbani, na mvua hazitutangojea. Ukiwa darajani andika hivi: jina la daraja, siku, saa mbili unusu asubuhi, maji yamefika magotini, nimesimama hapa mwenyewe. Kama umesikia tu kwa makanga, andika kwamba umesikia kwa makanga. Maji yakipungua, rudi uandike yamepungua.