Kanyagio Jepesi na Dhamiri ya Dereva



Barabara ya Bukavu kwenda Uvira yaanzia Ziwa Kivu, lililo mita 1,460 hivi juu ya bahari, na kuishia Ziwa Tanganyika, lililo mita 770 hivi. Ashukaye miteremko ya Ngomo na motokari iliyojaa watu ajua uzito wa kanyagio la breki. Land Rover nyingi za miaka ya 1950 zilitoka kiwandani bila chombo cha kuusaidia mguu, na wenye motokari za namna hiyo hutamani kukitia. Ni nia njema. Lakini yatupasa kujua kwanza chombo hicho chafanya nini.

Mafundi hukiita sevo. Mbelgiji Albert Dewandre ni mmoja wa waliokibuni, na kampuni ya Bosch ilianza kukiuza mwaka 1927. Ni kopo la bati la mviringo, lililogawanywa ndani kwa kiwambo cha mpira. Injini ya petroli huifyonza hewa iliyomo. Dereva akikanyaga, hewa ya nje huingia upande mmoja na kukisukuma kiwambo, nacho husukuma pampu ya breki pamoja na mguu. Injini ya mazutu yahitaji pampu yake ya kufyonzea. Tena huku milimani, kwenye mita 1,500, mgandamizo wa hewa umepungua karibu sehemu moja ya sita, na msaada hupungua vilevile.

Basi sevo huongeza nguvu ya mguu tu. Viatu vya breki vilivyolika na mabomba yenye kutu havitengenei kwa ajili yake. Kinyume chake, bomba bovu likisukumwa zaidi laweza kupasuka. Na motokari ya zamani yenye njia moja tu ya mafuta ya breki hupoteza breki za magurudumu yote manne mara moja. Kwa hiyo tengenezeni breki kwanza, ndipo mtie sevo.

Kuijaribu ni rahisi. Zimeni injini, kanyageni mara tano au sita, kisha mshikilie kanyagio na kuwasha injini. Likishuka kidogo chini ya mguu, sevo yafanya kazi.

Jambo moja twawasihi sana. Wako madereva wazimao injini mteremkoni ili kubana petroli. Mwenye sevo akifanya hivyo, msaada humtosha kukanyaga mara moja au mbili. Kisha mguu uliozoea wepesi hukuta kanyagio gumu kama jiwe, na mbele yake ni kona na korongo. Ashuke kwa gia ndogo, injini ikiwaka.

Amri ya Tano yamhusu mshika usukani pia. Aliyepakia akina mama waendao sokoni na watoto waendao shuleni amekabidhiwa uhai usio wake. Sevo yaweza kumpunguzia uchovu wa mguu; kuwafikisha salama ni wajibu wake mbele ya Mungu.